Uwanja Baada ya Ngoma: shajara ya kanvasi sita, Isevya, Tabora

Kazi inayonilisha ni mabango: vinyozi, maduka ya dawa, ramani ya Afrika kwenye kuta za shule, "Usikojoe hapa". Hii ya kupaka picha kwenye kanvasi ni kazi ya jioni na Jumapili. Naiandika hatua kwa hatua kwa sababu nilipoanza nilitafuta mtu aliyeeleza namna ya kuandaa marekani, kile kitambaa cha pamba, kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi, nikakuta kila maelekezo yanataka makopo ambayo Tabora hayapatikani. Bei ni zile nilizolipa mimi mwaka 2024, kwa shilingi. Makosa nimeyaacha kama yalivyotokea, maana ndiyo yaliyonigharimu.

8 Juni 2024: Daftari limejaa, hakuna anayecheza

Mavuno yamekwisha na ngoma zimeanza. Juzi tulikuwa harusini kwa ndugu upande wa Uyui, manyanga, ngoma ya vibuyu vya kutikisa, yakatikiswa tangu alasiri hadi jogoo la kwanza. Nilibeba daftari, nikachora michoro hamsini na kitu kwa mwanga wa taa ya sola. Leo nimeitandaza sakafuni. Watu wote wamesimama kama wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Mkono wa bango huo. Miaka kumi na mitano ya kuandika herufi zinazotakiwa kusomeka na mtu aliye juu ya bodaboda imenifundisha kunyoosha kila kitu, na ngoma hainyooshwi.

Wapo wanaoweza. Mchoraji Moke wa Kinshasa (1950–2001) alipaka baa za jiji lake, watu wamekumbatiana, na ukitazama unaona kabisa kiuno kinakwenda. Nimejaribu kuiga magoti yake. Yangu yametoka kama miguu ya meza.

Lakini asubuhi ile ya harusi niliamka mapema kutafuta maji ya kunawa, nikapita uwanjani kabla akina mama hawajafagia. Pale zilipokuwa ngoma kulikuwa na duara tatu zilizobonyea, kubwa moja na ndogo mbili. Mbele yake mchanga ulikuwa umesukumwa ukafanya tuta jembamba, nusu mwezi, kama mtu amepalilia kwa kisigino. Halafu mistari mirefu ya miguu iliyoburutwa, na pembeni mwa kila mstari vitone vidogo vidogo kama punje za mtama: njuga zilikuwa zinagusa chini mguu ulipoinama. Kati ya yote hayo palibaki mahali pasipokanyagwa hata mara moja, pana kama ungo, na kuku mmoja alikuwa ameshaanza kupachakura.

Nilichuchumaa pale mpaka bibi mmoja akaniuliza, "Umepoteza hereni, mwanangu?"

Ndiyo kazi yenyewe. Siwapaki wachezaji. Napaka uwanja waliouacha. Kanvasi sita, kila moja mita 1.5 kwa 2.4.

16 Juni: Marekani, gundi na ndoo iliyoganda

Nimenunua marekani mita 18 kwa 4,000 kila mita, jumla 72,000. Ifueni kwanza kwa maji moto na sabuni. Inatoka dukani na wanga, na wanga huo usipotoka gundi haishiki. Yangu ilirudi fupi, kila mita imepungua karibu vidole vinne, kwa hiyo nunueni ya ziada.

Sasa rangi ya chini. Nilijua kanuni: gundi na unga mweupe, ili kitambaa kisinywe rangi yote na kisioze baadaye. Gundi nimetumia ile nyeupe ya mbao, kilo 4 kwa 30,000. Kwenye unga ndipo nilipoumia. Muuzaji aliniambia, "Dada, jipsamu ndiyo nyeupe kuliko zote," nikalipa 18,000 mfuko mzima. Nikachanganya ndoo ya lita kumi, nikaenda mlangoni kuongea na mteja aliyekuja kubadilisha namba ya simu kwenye bango lake. Niliporudi, mti wa kukorogea ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya ndoo. Jipsamu ya mfuko imechomwa ikakaushwa maji yake. Ukiyarudisha inaganda, na ndiyo maana mafundi wa dari wanaipenda. Ndoo sasa inazuia mlango usibamizwe na upepo.

Kilichofaa ni chaki ya shule. Boksi sita, 15,000, nikatwanga kwenye kinu na kuchekecha kwa kipande cha chandarua. Chaki hata ikiwa ni ya jipsamu imeshaganda mara moja kiwandani, haigandi tena. Kipimo: gundi kikombe 1, maji vikombe 2, unga wa chaki vikombe 2. Mkono wa kwanza kwa rola, kavu, msasa laini kidogo, mkono wa pili. Ukizidisha chaki, kitambaa kinapokunjwa kinapasuka kama matope ya mbuga wakati wa kiangazi. Ninacho kipande cha ushahidi.

29 Juni: Kuwamba

Mbao nilizochukua mwanzo zilikuwa za inchi 2 kwa 1, vipande 8 kwa 3,000 kila kimoja. Nikawamba marekani ikiwa mbichi, nikijisifu kwamba ikikauka itakaza kama ngoma. Ikakaza kweli. Asubuhi fremu mbili zilikuwa zimejinyonga, kona moja iko juu ya nyingine kwa kiganja kizima, kama ungo uliokaliwa.

Siku hiyo alipita mzee manju, kiongozi wa kikundi cha manyanga ambacho nataka kufanya nacho kazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaichukua fremu akaigeuza geuza bila kusema kitu. Yeye anawamba ngoma tangu ujana: ngozi mbichi juu ya mzinga, vigingi pande zote, kisha jua. Akasema, "Mwanangu, mzinga wa ngoma hauna pembe. Ngozi inauvuta pande zote sawasawa, hauna pa kukimbilia. Hii yako ina pembe nne, na kila pembe ni mlango wa kutokea."

Fundi seremala amenitengenezea upya kwa mbao za 2 kwa 2, vipande 18 kwa 5,000, kila fremu ina kibao cha pembetatu kwenye kila kona na mtambuko katikati. Kazi yake 60,000. Na kitambaa kinawambwa kikavu, kisha kinarushiwa maji kidogo kwa nyuma. Zile mbao za kwanza zimekuwa mabango ya mtu wa chipsi.

Niliamua jambo jingine pia: hakuna kuwamba mpaka mwisho. Kama watu watacheza juu ya kitambaa ili miguu iache alama zenyewe, kitambaa kinalala chini.

13 Julai: Nyayo zenye rangi

Nilijua nimetanguliwa. Mchoraji Mjapani Kazuo Shiraga (1924–2008) alikuwa anajining'iniza kwa kamba kutoka darini na kusukuma rangi kwa miguu yake. Alianza miaka ya 1950, na kamba ndiyo ilikuwa akili yake yote, maana iliuondoa uzito. Mimi nilisoma habari ya miguu, habari ya kamba nikairuka.

Tulitandaza kanvasi mbili uani. Nilikuwa nimechanganya rangi ya maji na udongo mwekundu wa kichuguu. Rangi ya mafuta nilikataa tangu mwanzo, kwa sababu kuitoa miguuni kunataka tina, na sitamwosha mtu miguu kwa tina. Watu sita walikuja, watatu wapigaji, watatu wachezaji. Posho 10,000 kila mtu.

Dakika ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu. Nyayo nyekundu, visigino vimekaa, vidole vinaonekana. Dakika ya tatu nyayo zilikuwa zinakanyaga nyayo. Ya tano, palikuwa na tope moja la rangi ya tofali toka ukingo hadi ukingo. Halafu binti wa katikati akateleza, akaanguka kwa kalio, na ngoma ikasimama. Hakuumia, alicheka yeye mwenyewe kuliko wote, ila mzee manju hakucheka. Alisema mchezaji anayeiogopa ardhi hachezi, anatembea tu. Ni kweli: ukitazama zile kanvasi, baada ya yule binti kuanguka hatua zote ni fupi. Woga umeandikwa pale, ndicho kitu pekee kinachosomeka.

Elfu sitini na kanvasi mbili. Nimezigeuza upande wa pili, nimezifua, zitatumika kwa jambo lingine.

3 Agosti: Mchanga

Siku kadhaa nilizunguka na tope lile kichwani. Jibu lilikuwa uwanjani Uyui tangu siku ya kwanza: pale rangi ilikuwa mchanga wenyewe, na mguu haukuongeza kitu, uliondoa. Basi nikaanza kufikiri kinyume. Mchanga utandazwe juu ya kanvasi, watu wacheze juu ya mchanga, mguu uutoe mchanga mahali unapopita, kisha nipulize rangi kutoka juu. Palipo na mchanga panabaki peupe. Palipokanyagwa panashika rangi. Mchanga ukimwagwa, uwanja unabaki.

Kwa anayetaka kujaribu, mambo yaliyonisumbua ni haya.

Kanvasi ilikuwa inajikunja chini ya miguu. Tulijaribu kuiweka juu ya plaiwudi, haikujikunja, ila mlio ulibadilika na wachezaji wakaanza kupiga miguu ili wasikie mbao. Ikawa ngoma nyingine kabisa. Tulirudi ardhini. Sawazisha udongo, mwagia maji jioni, ushindilie, asubuhi uwe mkavu. Pande nne weka mabanzi membamba yaliyozikwa yakalingana na ardhi, ubane kingo za kitambaa kwa pini za stapla. Pini nimezigonga kwa nyundo moja moja, nadhani zote.

Mchanga wa korongoni una kokoto, na kokoto chini ya njuga ni msumeno. Chekecha kwa chandarua. Unene ulinitesa: wa kwanza ulikuwa wa kalamu, miguu ikazama na haikufika chini. Sarafu mbili zikipandishana ndio unene wake.

Bomba la kupulizia. Mkoa huu umejaa mabomba ya mgongoni kwa ajili ya tumbaku na pamba, nikanunua lililotumika kwa 15,000. Nililisuuza kwa sabuni mara nne na bado lilinuka dawa. Mpwa wangu aliyenisaidia alishikwa na kichwa. Nimelitupa. Usimweke mtu peku juu ya kitu kilichopuliziwa kwa bomba la dawa, hata ukiambiwa limeoshwa. Jipya dogo la mkono, lita 2, lilikuwa 14,000. Rangi ya maji, makopo mawili ya lita 4 kwa 44,000, izimuliwe mpaka iwe kama maziwa na ichujwe kwa soksi, la sivyo pua ya bomba inaziba kila dakika.

Saa. Agosti kuna upepo toka saa nne hivi, na upepo unalamba mchanga na alama zote. Tunaanza saa moja asubuhi. Watu wa ngoma wameninunia kidogo kwa hilo, kwani nani anacheza manyanga kabla ya chai? Siku ya pili nilipika uji na viazi kwanza.

Kupuliza: simama wima, bomba usawa wa kifua, rusha juu rangi ijiangukie yenyewe kama manyunyu. Nilipoinama na kuelekeza chini, pumzi ya bomba ilipeperusha mchanga na nyayo za mtu mzima zikageuka madimbwi. Acha kivulini mpaka kesho. Usiwe na haraka ya kuinua.

Tarehe 1 asubuhi tulicheza ya kwanza kwa kweli, na tarehe 2 asubuhi niliinua ukingo mmoja, mpwa wangu akainua mwingine, mchanga ukateremka wote kwa mlio kama mvua inayoanza kwenye bati. Sikusema kitu. Ule nusu mwezi ulikuwepo. Vitone vya njuga vilikuwepo, safu kwa safu, vingine vimegongana. Mahali pengine mchanga uligandia kwenye rangi ukafanya gamba kama ngozi ya kenge, nimeuacha.

Nimetoa kanvasi mbili nzuri na moja ya wastani. Posho kwa siku mbili 120,000, chakula na soda 45,000. Pini 6,000.

24 Agosti: Mjomba na sakafu ya dansi

Ngoma siyo pigo pekee la mji huu. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zote zimetokea hapa, na mjomba wangu, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 74, hajawahi kukubali kwamba kuna bendi nyingine zilizokuwa na haki ya kuitwa bendi. Segere Matata, mtindo wa Tabora Jazz, anaicheza akiwa amekaa, kwa mabega tu. Nilitaka kanvasi moja iwe ya sakafu ya simenti, ya watu waliovaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni.

Kwa mchanga uleule haikufaa. Mguu wa ngoma unapiga, wa dansi unateleza, na kiatu kinatelezesha mchanga wote mbele kama koleo. Nilihitaji kitu chembamba kama vumbi. Hapo nikafanya kosa ambalo siyo la ufundi: nikatandaza unga wa muhogo. Mjomba alifika na viatu vyake vya ngozi amevifungia kwenye gazeti, akavivaa taratibu, akatazama chini, akavivua.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "mimi nimekula mihogo mwaka mzima wa njaa. Chakula hakikanyagwi."

Nilizoa unga wote kwa aibu. Alikunywa chai, akaenda zake. Ilinichukua wiki nzima na kilo mbili za sukari kumrudisha.

Katikati ya wiki hiyo nilijaribu vumbi la mbao, bomba likalipeperusha. Majivu yalitoa alama safi sana lakini yalipolowa yakawa uji, yakashika na hayatoki. Mwisho nikarudi kwa mchanga, nikauchekecha mara tatu, mara ya tatu kwa khanga, nikaurusha kwa mkono kutoka juu mpaka kanvasi ikawa kama imepitiwa na basi la barabara ya vumbi. Unene hauwezi hata kupimwa.

Akarudi. Simu ikaweka muziki, akasimama, mkono wa kushoto umeinuliwa umeshika mkono wa mtu ambaye hayupo. Alicheza nyimbo tatu ndani ya eneo la mkeka mmoja. Nilitegemea duara, mistari, safari. Nilichopata ni kitu kidogo sana: soli mbili zikirudi palepale, zikipishana kwa upana wa kidole, mamia ya mara, na pembeni mwake ncha ya kiatu cha pili, kile cha mwenzake, haipo. Nimeiacha nusu ya kanvasi nyeupe. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua bango aliniuliza kama hiyo bado haijaisha.

21 Septemba: Nta, na nyuki wake

Kanvasi za tano na sita nilitaka zianze na giza. Tabora ni nchi ya asali, nta haikosekani. Nimeletewa kilo 4 kutoka Sikonge, 13,000 kila kilo. Wazo ni la batiki: mahali penye nta pasishike rangi.

Makosa matatu, yote ndani ya siku tano.

La kwanza, niliipaka nta juu ya kitambaa chenye mkono wa chaki. Nta haikuzama, ilikaa juu kama utandu wa ugali, na nilipoitoa kwa pasi na magazeti ikaacha kivuli cha mafuta. Nta inataka marekani tupu, iliyofuliwa tu, ipenye hadi upande wa pili. Hapo ndipo zile kanvasi za tope zilipopata kazi: nilizichemsha mpaka gundi ikalegea, nikazikwangua.

La pili, niliiyeyusha moja kwa moja juu ya jiko la mkaa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu, mkaa hauna habari na hilo. Ilitoa moshi, ikawa kahawia, na kidogo iwake. Weka sufuria ndani ya sufuria yenye maji. Polepole, lakini hutachoma nyumba.

La tatu ndilo watu wa mtaani bado wanalicheka. Nta ile haikuwa imesafishwa. Ilikuwa na asali na mabaki ya masega. Niliitundika kanvasi uani ikauke, nikaingia ndani. Ndani ya nusu saa nyuki walikuwa wameijaa mistari yangu, na mistari tu, kitambaa kilichobaki hawakukigusa. Kwa mbali mchoro ulikuwa unatembea. Nilitazama dirishani kwa dakika ishirini, sikuthubutu kutoka, na sitadanganya kwamba sikufurahi. Mtoto wa jirani aliumwa sikio. Nilipeleka soda na pole.

Dawa yake ni kuchemsha nta ndani ya maji mengi, kuiacha ipoe usiku kucha, kuinua mkate unaoelea na kukwangua uchafu ulioganda upande wa chini. Rudia mpaka maji yawe safi. Kilo 4 zangu zilibaki 3 na kitu.

Kuhusu pigo. Mpwa wangu alipiga ngoma kubwa, mimi nikadondosha nta kila iliposikika. Kitambaa kikawa mgonjwa wa tetekuwanga. Nilikuwa nikimfikiria Piet Mondrian, yule Mholanzi aliyehamia New York mwaka 1940 akapenda muziki wa boogie-woogie, akaanza kupaka vijiraba vya njano, vyekundu na bluu vinavyokimbia juu ya mistari kama magari. Kwake inaruka. Kwangu ilihesabu. Nikampigia simu mzee manju, akaniambia niweke simu karibu na ngoma. Akasikiliza. "Kijana anapiga vizuri. Wewe unamjibu palepale anaposema. Mtu akisema, nawe ukasema, nani kasikia?" Tulianza tena, nta ikadondoka pale mkono wa kijana ulipokuwa hewani. Vipimo vilevile, idadi ileile karibu, lakini vitone vimesogea nafasi nusu na kitambaa kimeanza kuyumba.

12 Oktoba: Bluu iliyokimbia

Kifupi. Kwenye kanvasi ya nne nilitumia bluu ya kufulia, ya 3,000. Vipande vya majaribio nilivibandika ukutani upande wa magharibi tangu mwanzo wa Septemba, nusu vimefunikwa kwa kadibodi. Nimefunua leo. Udongo wa kichuguu haujabadilika hata kidogo, masizi vilevile. Ile bluu imekuwa rangi ya shati la mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimerudia kwa oksaidi nyeusi na nyekundu, ile ya kupaka sakafu, kilo 2 kwa 12,000. Kama inavumilia miguu ya wageni sebuleni miaka ishirini, itavumilia ukuta.

Joto la mwezi huu limelainisha nta iliyobaki kwenye kanvasi ya tano, imeshika vumbi na unyoya wa kuku. Nimeipiga pasi yote itoke. Kanvasi za nta zinafanywa Juni au Julai, siyo sasa.

9 Novemba: Sita zimesimama

Mvua imeanza, nimehamisha kila kitu ndani. Zote zimewambwa. Mkono wa mwisho wa kuzilinda ni gundi kwa maji, 1 kwa 5, kwa bomba. Vanishi ya mbao nilijaribu kwenye kipande, ikageuka njano ndani ya mwezi.

Jumla ya fedha 680,000. Zilizopotea kabisa ni 120,000: jipsamu, mbao za kwanza, bomba la dawa, bluu, na asubuhi ile ya tope. Mabango niliyoyaahirisha sijayahesabu.

Mzee manju alikuja jana na wachezaji wawili kuziona, binti aliyeteleza akiwemo. Nilimwekea kiti mbele ya ile ya kwanza ya mchanga. Hakukaa. Alisimama upande wa kushoto, akaweka kidole karibu na kitambaa bila kugusa, akaanza kwenda nacho kulia, na mkono wa pili ukipiga pajani. Alikuwa anaisoma. Alifika kwenye nusu mwezi, pigo likabadilika, akaendelea. Karibu na ukingo wa juu, mkono wa pajani ukasimama.

"Hapa nilikosea," akasema. "Niliingia mapema."

Binti akasogea, akainama. Kweli pale mstari wa mguu umekatika ghafla na kuanza tena nje ya safu, na vitone vya njuga vimetawanyika.

"Hapana, mzee," akasema. "Hapo ni mimi. Nilikanyaga pini."

Wote wakanigeukia.